Skafu ya mbavu za kupishana: mwongozo kamili wa kufuma kwa mstari mmoja unaojirudia

Skafu haina mikono ya kuunganisha, haina shingo ya kupunguziwa vitanzi wala tundu la kifungo. Ni kipande kirefu cha mstatili, basi. Kwa hiyo uzuri wake wote unategemea nakshi na uzi, na nakshi hiyo lazima ipendeze pande zote mbili, kwa sababu skafu ikizungushwa shingoni upande wa nyuma utaonekana tu, upende usipende.

Hapo ndipo wanaoanza wengi hukwama. Hufuma kitambaa laini cha upande mmoja, na kingo zake hujikunja zenyewe kuelekea nyuma hadi skafu inageuka bomba. Ukifuma mbavu za kawaida, viwili kwa viwili (milia ya wima, vitanzi viwili vinavyoinuka kisha viwili vinavyozama), kingo zinatulia, lakini kitambaa kinajibana kama mwisho wa mkono wa sweta na skafu inabaki nyembamba kuliko ulivyokusudia. Nakshi ninayoipendekeza hapa ni mbavu za kupishana. Ni mbavu zilezile za viwili kwa viwili, ila zimesogezwa kitanzi kimoja pembeni kila unapogeuza kipande. Kwa kusogea huko zinapata mikunjo na vinundu, zinajibana kidogo tu, kingo zinatulia, na mbele haitofautiani na nyuma. Isitoshe, una mstari mmoja tu wa kukariri tangu mwanzo hadi mwisho.

Mstari wenyewe ni huu. Idadi ya vitanzi iwe inagawanyika kwa 4, kisha ongeza 3. Kila mstari, bila kubadilisha chochote: kawaida 2, kinyume 2, rudia hivyo mpaka vibaki vitanzi 3 kwenye sindano ya kushoto, halafu kawaida 2, kinyume 1. (Kawaida na kinyume ni aina mbili za kitanzi; nitazieleza mbele.) Geuza kipande, anza tena.

Katika mwongozo huu, "mstari" ni vitanzi vilivyolala kutoka ukingo mmoja hadi mwingine, na "safu" ni vitanzi vinavyopanda wima, kimoja juu ya kingine. Tutazihitaji sana safu baadaye.

Uzi na sindano

Chukua uzi wa unene wa kati, ule ambao bonge la gramu 100 huwa na takriban mita 200. Lebo ya bonge huonyesha urefu na ukubwa wa sindano unaofaa, kwa hiyo isome kabla ya kununua. Kwa skafu ya upana wa sentimita 20 hivi na urefu wa sentimita 160, andaa gramu 250, na kama unataka matamvua au urefu zaidi, fikisha 300. Nunua mabonge yote kwa mara moja na hakikisha namba ya rangi iliyoandikwa kwenye lebo inafanana. Uzi uliotiwa rangi kwenye chungu tofauti unaweza kuonekana sawa ukiwa dukani, kisha ukaacha mpaka dhahiri katikati ya skafu.

Sufu ya kondoo ndiyo chaguo langu la kwanza kwa mbavu. Ina mnyumbuko, ikivutwa inarudi, na mbavu zake zinabaki zimesimama hata baada ya kufuliwa. Akriliki ni nyepesi na haina usumbufu katika kufua, inafaa kabisa kwa skafu ya kwanza. Pamba ni nzito na haina mnyumbuko, hivyo mbavu zake hulegea na skafu hurefuka kadiri inavyovaliwa. Ningeiacha kwa kazi nyingine.

Rangi nayo ina uzito wake. Nakshi ya namna hii inaishi kwa kivuli: vinundu vinatoka, mabonde yanaingia, na jicho linaona tofauti ya mwanga. Uzi mweusi au wa bluu iliyokolea unameza kivuli hicho, na uzi wa rangi nyingi zilizochanganyika unakivuruga. Chagua rangi moja, ya kung'aa kiasi au ya wastani, na uzi uliosokotwa vizuri usio na manyoya mengi. Kama hujawahi kufuma, rangi ya kung'aa itakusaidia pia kuona vitanzi vyako.

Sindano ziwe milimita 5. Za mbao au mianzi hushika uzi kidogo, vitanzi havitelezi ovyo, na kwa anayeanza hilo ni faraja kubwa. Za chuma huenda kasi mkono ukishazoea. Zaidi ya hapo unahitaji mkasi, utepe wa kupimia, sindano butu yenye tundu kubwa ya kufichia ncha za uzi, na sindano ya krosheti kwa ajili ya ajali.

Kipande cha kujaribia

Usikiruke. Mikono haifanani: mmoja anavuta uzi kwa nguvu, mwingine anauachia, na kwa uzi uleule na sindano zilezile skafu zao zitatofautiana upana kwa sentimita kadhaa. Anzisha vitanzi 23, fuma nakshi mpaka ufikie urefu wa sentimita 10, kisha ulaze mezani bila kuvuta na upime upana.

Tuseme umepata sentimita 11. Gawanya 23 kwa 11, unapata karibu 2.1: hivyo ndivyo vitanzi vyako kwa kila sentimita. Ukitaka upana wa sentimita 20, zidisha, unapata 42. Sasa tafuta namba ya karibu inayokubaliana na nakshi, yaani ya kugawanyika kwa 4 ukiongeza 3. Ni 43. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 5, watu wengi huangukia hapohapo au jirani yake, kwenye 39 au 47.

Kipande hicho kinakupa pia fursa ya kuhisi kitambaa. Kikiwa kigumu mkononi, panda hadi sindano za milimita 5.5 au 6. Kikiwa kimelegea na mbavu hazionekani, shuka hadi 4.5. Skafu inatakiwa ianguke kwa ulaini, isisimame kama kadibodi.

Kuanzisha vitanzi

Nitaeleza njia ya mkia mrefu, kwa kuwa ukingo wake unanyumbuka na unalingana na mbavu. Pima kama mita 1 ya uzi kutoka ncha yake. Huo ndio mkia. Hapo fanya fundo la kitanzi, lipachike kwenye sindano ya kulia na ulikaze kidogo. Hicho ni kitanzi cha kwanza.

Sasa shika nyuzi zote mbili kwa mkono wa kushoto: mkia upite juu ya kidole gumba, uzi wa bonge upite juu ya kidole cha shahada, na vidole vilivyobaki vizibane kiganjani. Tanua gumba na shahada. Peleka ncha ya sindano chini ya uzi ulio mbele ya gumba ukipandisha juu, ikapite juu ya uzi wa kidole cha shahada na kuukamata, kisha irudi kupitia kitanzi kilichozunguka gumba. Achia gumba, vuta mkia taratibu. Umepata kitanzi cha pili. Endelea hadi 43.

Achia nafasi ndogo kati ya kitanzi na kitanzi. Ukingo wa mwanzo ukikazwa, utabana skafu kama kamba na hakuna kufua kutakakoulegeza. Kama unajijua una mkono mkali, anzishia kwenye sindano ya milimita 6, kisha fumia ile ya 5.

Vitanzi viwili vya kujua

Kitanzi cha kawaida: uzi unakaa nyuma ya kipande. Ingiza ncha ya sindano ya kulia kwenye kitanzi cha kwanza cha sindano ya kushoto, kutoka mbele kwenda nyuma. Zungusha uzi kwenye ncha hiyo kinyume cha mwendo wa saa, uuvute upite ndani ya kitanzi kuja mbele, kisha uachie kitanzi cha zamani kitoke. Kinachobaki mbele yako kinafanana na herufi V.

Kitanzi cha kinyume: uzi unakuja mbele. Ingiza ncha ya sindano kutoka kulia kwenda kushoto, kwa mbele. Zungusha uzi vilevile, usukume kitanzi kipya kuelekea nyuma, achia cha zamani. Kinachobaki mbele yako ni kinundu kilicholala.

Vitanzi hivi ni kitu kimoja kinachotazamwa kutoka pande mbili. V ya mbele ni kinundu cha nyuma, na kinundu cha mbele ni V ya nyuma. Shika hilo vizuri, maana ndilo linalofungua nakshi nzima.

Tahadhari moja tu hapa. Unapotoka kwenye kawaida kwenda kinyume, uzi lazima uvuke kutoka nyuma kuja mbele, na njia yake ni katikati ya sindano mbili. Ukipita juu ya sindano ya kulia, utazaa kitanzi cha ziada na tundu dogo chini yake. Hilo ndilo kosa linalowapata wengi katika mistari ya mwanzo, na ndiyo sababu ya kuhesabu vitanzi kila unapomaliza mstari, mpaka mkono uzoee.

Kufuma kwa kusoma kitambaa

Mistari minne au mitano ya kwanza ifume kwa kuhesabu: kawaida, kawaida, kinyume, kinyume. Haitaonekana kitu cha maana bado. Ukifika kwenye mstari wa nane hivi, weka sindano mezani na uangalie.

Utaona kila baada ya vitanzi vinne safu moja ya V zilizopangana wima, imeinuka kama uti. Kulia na kushoto kwake kuna safu za vinundu vya kupishana, na kati ya uti na uti kuna bonde. Kinachotokea ni hiki: kwa kuwa mwisho wa mstari kuna vitanzi 3 badala ya 4, ukigeuza kipande nakshi haikai juu ya nakshi ya mstari uliopita bali inasogea kitanzi kimoja. Matokeo yake, katika kila vitanzi vinne, kimoja kinakuwa V mstari hadi mstari, kimoja kinakuwa bonde mstari hadi mstari, na viwili vilivyo kati yao vinabadilika kila mstari.

Sasa tazama vitanzi vinavyokusubiri kwenye sindano ya kushoto, ukianzia kulia. Chini ya sindano utaona mpangilio huu ukijirudia: laini (yaani V), kinundu, kinundu, laini. Na unachotakiwa kufuma ni kawaida, kawaida, kinyume, kinyume. Yaani kitanzi laini cha kwanza kinafumwa kawaida, sawasawa na sura yake. Kinundu kinachofuata kinafumwa kawaida, kinyume cha sura yake. Kinundu cha pili kinafumwa kinyume, kama kilivyo. Kitanzi laini cha mwisho kinafumwa kinyume, kwa kupinga sura yake. Kwa kifupi, katika kila jozi, cha kwanza unakifuata, cha pili unakipinga.

Ukishaliona hilo kwa macho yako, kuhesabu hakuna kazi tena. Unatafuta uti: kila ukiufikia ule uti wa V, unafuma kawaida juu yake na kawaida kwenye kitanzi kinachofuata. Ukikatizwa na simu katikati ya mstari, unarudi, unatazama, unajua ulipo. Ukikosea, uti unavunjika na jicho linaona papo hapo, si baada ya sentimita 10. Kwa maoni yangu, ujuzi huu wa kusoma kitambaa ni bora kuliko kukariri nakshi ishirini. Tenga muda mrefu kwenye mistari hii ya mwanzo, hata kama itabidi ufumue na kuanza upya.

Kuna vituo viwili vya kujihakiki kwenye kila mstari. Kitanzi cha kwanza daima kiko kwenye uti, na cha mwisho daima kinafumwa kinyume, peke yake. Ukifika mwisho ukakuta umebakiwa na viwili vya kinyume, au huna hata kimoja, kuna kitanzi kimeongezeka au kimepotea njiani. Usiendelee.

Kingo safi

Ukifuma nakshi kama ilivyo, kingo zitakuwa nzuri za kutosha. Ukitaka ziwe nadhifu zaidi, kitanzi cha kwanza cha kila mstari usikifume: kihamishe tu kwenye sindano ya kulia kana kwamba unakifuma kawaida, uzi ukiwa nyuma. Cha mwisho fuma kinyume, kama nakshi inavyodai tayari. Utapata mnyororo mwembamba pembeni, kitanzi kimoja kwa kila mistari miwili. Amua mapema, kwa sababu ukianza hivi katikati ya skafu mabadiliko yataonekana.

Kuunga bonge jipya

Bonge likikaribia kwisha, acha kufuma likiwa limebaki na uzi wa mara nne ya upana wa skafu. Huo unatosha mstari mmoja na mkia. Ungia ukingoni, mwanzoni mwa mstari: acha mkia wa sentimita 15 wa uzi wa zamani na mwingine wa uzi mpya, anza kufuma kwa uzi mpya, na baada ya vitanzi vichache vuta mikia yote miwili ikae sawa. Mafundo magumu usiyatumie. Skafu hii haina upande wa nyuma wa kuyafichia.

Yakiharibika

Kosa lililo kwenye mstari unaoufuma, rudi kitanzi kimoja kimoja: ingiza ncha ya sindano ya kushoto kwenye kitanzi kilicho chini ya kile cha kwanza cha sindano ya kulia, achia cha juu, vuta uzi utoke. Ni polepole, lakini hakuna kinachodondoka.

Kitanzi kikidondoka na kushuka mistari kadhaa, usivute kipande. Juu yake utaona vipande vya uzi vilivyolala kama vipago vya ngazi. Kama safu iliyoporomoka ni ya uti, ingiza krosheti kwenye kitanzi kutokea mbele, kamata kipago cha kwanza, kivute kipite, panda hadi juu. Kama ni ya bonde, geuza kipande. Kwa nyuma bonde ni uti, nawe utalitengeneza vilevile. Safu za kati ndizo zenye kudai subira: kipago kimoja unakivuta kutokea mbele, kinachofuata kutokea nyuma, kwa zamu. Linganisha na safu jirani ya aina yake kabla ya kurudisha kitanzi kwenye sindano. Kukirudisha, mguu wake wa kulia uwe mbele ya sindano; ukiwa nyuma, kitanzi kitajisokota na kuacha alama.

Kwa anayeogopa kufumua, kila baada ya sentimita 20 pitisha uzi mwembamba wa rangi tofauti ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano, ukitumia sindano butu, na uuache humo. Likitokea balaa, chomoa sindano, fumua hadi kwenye uzi huo, rudisha vitanzi, endelea.

Urefu na kufunga

Pima skafu ikiwa imelala mezani, kamwe si ikining'inia, kwa sababu uzito wake huiongezea urefu wa uongo. Sentimita 150 zinatosha kuzunguka shingo mara moja na ncha kuanguka kifuani. Sentimita 180 zinaruhusu mizunguko miwili. Kama unataka matamvua, kata nyuzi zake kabla ya kumaliza uzi wako wote kwenye kufuma.

Funga vitanzi kwa kufuata nakshi: fuma viwili kama mstari unavyodai, kisha kwa ncha ya sindano ya kushoto vusha kile cha kwanza juu ya cha pili na ukiachie. Fuma kingine, vusha tena. Cha kawaida kifume kawaida, cha kinyume kifume kinyume. Ukivifunga vyote kawaida, ukingo utakunja uso wa mbavu. Tumia sindano ya milimita 6 hapa hata kama mwanzoni hukuitumia, kwa sababu karibu kila mtu hukaza mkono anapofunga. Kitanzi cha mwisho kikibaki peke yake, kata uzi ukiacha sentimita 20, upitishe ndani yake, vuta.

Kuficha ncha, kufua, kulaza

Ncha za uzi zishushe kwenye safu ya uti kwa sindano butu, ukipita chini ya mguu mmoja wa kila V kwa sentimita 5 au 6, kisha rudi kwa kupitia miguu ya upande wa pili. Uzi unaorudi unajifunga wenyewe, na kwenye uti hauonekani mbele wala nyuma. Vuta kitambaa kidogo kabla ya kukata ili ncha isikazwe.

Loweka skafu kwenye maji vuguvugu yenye sabuni laini kidogo kwa dakika 15 hadi 20. Usiisugue wala usiikamue kwa kuinyonga. Sufu ikisuguliwa kwenye maji ya moto inashikamana na kusinyaa, na haifunguki tena. Ibonyeze itoe maji, izungushie taulo, ikandamize, kisha ilaze juu ya taulo kavu. Nyoosha kingo kwa mikono na upime upana sehemu tatu au nne ili ulingane. Usiitanue kwa nguvu kuelekea pembeni, maana mbavu zitalala na nakshi uliyoihangaikia itapotea. Ya akriliki vivyo hivyo, na pasi isiiguse kabisa: joto linaua mnyumbuko wa akriliki na kitambaa kinabaki kimelegea moja kwa moja.

Iache ikauke kabisa mahali pasipo na jua kali, pengine siku nzima au zaidi kwa uzi mzito. Baada ya hapo ikunje na kuiweka kwenye droo au rafu. Usiitundike kwenye msumari, itarefuka na kuwa nyembamba.